Yesu Mbele ya Yohana: Uchambuzi wa Kisa cha Ubatizo wa Mto Yordani

Kati ya mambo mengi ambayo Injili zinasimulia juu ya Yesu wa Nazareti, mawili ndiyo ambayo wanahistoria, wawe waumini au wasiwe, hawayabishanii sana: kwamba alibatizwa na Yohana katika mto Yordani, na kwamba alisulubiwa Yerusalemu kwa amri ya Pontio Pilato. Kusulubiwa kuna mashahidi wa nje ya Kanisa, akiwemo Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2. Ubatizo hauna shahidi wa namna hiyo. Hakuna hati ya serikali iliyoutaja, hakuna jiwe lililochongwa maneno yake, na hakuna mwandishi wa karne ya 1 asiye Mkristo anayesema kwamba watu hawa wawili waliwahi kuonana. Hata Paulo, ambaye barua zake ndizo maandishi ya kale kuliko yote katika Agano Jipya, hamtaji Yohana Mbatizaji hata mara moja. Imekuwaje basi tukio lenye ushahidi mwembamba hivi likahesabiwa miongoni mwa mambo ya hakika?

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ndani yake kazi ya kumtafuta Yesu wa historia, yaani Yesu jinsi ushahidi wa kihistoria unavyoweza kumwonyesha, inaonekana waziwazi, na udhaifu wake pamoja na nguvu zake. Msimamo wangu nautaja mapema: hitimisho la wataalamu ni sahihi, lakini sababu inayotajwa mara nyingi kulitetea haitoshi kulibeba peke yake. Uzito wa ushahidi uko mahali pengine, na mahali hapo pana mengi zaidi ya kutufundisha juu ya Yesu mwenyewe.

Luka anaweka mwanzo wa mahubiri ya Yohana katika mwaka wa 15 wa utawala wa Kaisari Tiberio, yaani karibu na mwaka 28 au 29 BK. Wakati huo Galilaya, alikotoka Yesu, ilikuwa chini ya Herode Antipa, mwana wa Herode Mkuu, naye alitawala pia Perea, ukanda ulio mashariki mwa Yordani. Yerusalemu na Uyahudi zilikuwa chini ya liwali wa Kirumi. Mipaka hii si jambo dogo, kwa kuwa Yohana alipohubiri ng'ambo ya mto alikuwa ndani ya eneo la Antipa, na ndiyo maana aliyemkamata na kumuua ni Antipa wala si Pilato. Kuhusu tendo lenyewe, Wayahudi wa zama zile walizoea kujitakasa kwa maji, na wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta mabirika mengi ya kujizamishia katika nyumba za Uyahudi na Galilaya. Lakini kwa desturi mtu alijizamisha mwenyewe, tena kila alipohitaji. Yohana aliwazamisha watu kwa mkono wake, katika mto unaotiririka, na kwa kadiri inavyoonekana mara moja tu, kama ishara ya toba kabla ya hukumu aliyoitangaza kuwa iko karibu. Upya huo ndio uliompatia jina la Mbatizaji.

Sasa tuzisome Injili kwa karibu, kwa kufuata mpangilio ambao wataalamu wengi wanaukubali: Marko kwanza, karibu na mwaka 70, kisha Mathayo na Luka walioandika wakiwa na Injili ya Marko mkononi, na mwishoni Injili ya nne, inayoitwa ya Yohana, ambaye si Yohana Mbatizaji.

Marko hana wasiwasi wowote. Anasema kwamba Yohana alihubiri "ubatizo wa toba liletalo ondoleo la dhambi", kwamba watu waliungama dhambi zao na kubatizwa, na mistari michache baadaye anasema Yesu alikuja kutoka Nazareti ya Galilaya akabatizwa na Yohana katika Yordani. Mbingu zinapasuka, Roho anashuka kama hua, sauti inasema na Yesu, na simulizi linasonga mbele. Hakuna maelezo na hakuna utetezi. Msomaji wa vizazi vilivyofuata, aliyefundishwa kwamba Yesu hakuwa na dhambi na kwamba hakuna aliye mkuu kuliko yeye, angeuliza maswali mawili papo hapo: alikwenda kuondolewa dhambi ipi, na kwa nini aliye mkuu ainamishe kichwa mbele ya aliye mdogo?

Mathayo aliyasikia maswali hayo. Jibu lake la kwanza linaonekana na kila mtu, kwani kwake peke yake tunakuta mazungumzo kati ya wawili hao kabla ya ubatizo. Yohana anataka kumzuia Yesu, akisema, "Mimi nahitaji kubatizwa na wewe, nawe waja kwangu?", na Yesu anamjibu kwamba imewapasa kuitimiza haki yote. Jibu lake la pili limejificha zaidi, nami naona ndilo lenye kufunua mengi. Katika utangulizi wa mahubiri ya Yohana, Mathayo anaacha kabisa yale maneno ya Marko juu ya ondoleo la dhambi. Yohana wake anaita watu watubu kwa kuwa ufalme wa mbinguni umekaribia, basi. Maneno yaliyoondolewa hayakupotea, kwa sababu tunayakuta mbele sana katika Injili hiyohiyo, usiku wa karamu ya mwisho, Yesu anapokitoa kikombe na kusema kwamba damu yake inamwagika kwa ajili ya wengi kwa ondoleo la dhambi. Katika simulizi za karamu hiyo, Mathayo ndiye peke yake mwenye maneno hayo. Kwa mwandishi huyu, msamaha wa dhambi hauwezi kutoka katika maji ya Yordani, na ameupanga upya ushahidi ili jambo hilo lieleweke.

Luka amepita njia nyingine. Anayabakiza maneno ya ondoleo la dhambi, lakini kabla ya kusimulia ubatizo wa Yesu anatuambia kwamba Herode alimfunga Yohana gerezani. Mstari unaofuata unasema kwamba watu wote walipokuwa wamebatizwa, na Yesu naye amebatizwa, naye anaomba, mbingu zilifunuka. Mbatizaji hatajwi katika tendo lenyewe, na msomaji asiyekuwa na Injili nyingine angeweza kujiuliza ni nani aliyebatiza siku hiyo. Zaidi ya hayo, Luka amekwisha kulitatua suala la ukubwa tangu sura ya kwanza, pale Yohana anaporuka kwa furaha akiwa bado tumboni mwa mama yake Elisabeti, jamaa ya Mariamu, Mariamu anapoingia nyumbani.

Injili ya nne inamaliza safari hii. Ndani yake Yohana anamwona Yesu akija, anamtangaza kuwa Mwana-kondoo wa Mungu, anashuhudia kwamba alimwona Roho akishuka juu yake, na anasema wazi kwamba hapo awali hakumjua, jambo ambalo si rahisi kulipatanisha na udugu anaousimulia Luka. Ubatizo wa Yesu hausimuliwi popote. Shahidi yupo, mto upo, Roho yupo, ila tendo limeondolewa.

Nje ya Agano Jipya hali ni ileile. Ignasi, askofu wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2, anaeleza kwamba Kristo alibatizwa ili ayatakase maji. Katikati ya karne hiyo Justin, mwandishi mwingine Mkristo, anasisitiza kwamba hakwenda mtoni kwa kuwa alikuwa na haja ya kubatizwa. Jerome, msomi wa Kanisa aliyeishi baadaye sana, amenukuu kipande cha injili iliyotumiwa na Wakristo wa asili ya Kiyahudi, ambamo mama yake Yesu na ndugu zake wanamshawishi waende wote wakabatizwe na Yohana, naye anawauliza ametenda dhambi gani hata aende kubatizwa na mtu huyo. Maswali ambayo Marko hakuyaona yamekuwa sasa maneno ya Yesu mwenyewe.

Mfululizo huu ndio uliowapa wataalamu hoja yao mashuhuri, inayojulikana kama kigezo cha aibu. Inasema hivi: Kanisa la kwanza lisingebuni jambo lililolitia katika matatizo, kwa hiyo jambo la namna hiyo likikutwa katika Injili, yaelekea limehifadhiwa kwa sababu lilikuwa limetokea na lilijulikana mno kuweza kukanwa. Kigezo hiki kilipata nafasi katika historia ndefu ya utafiti iliyoanzia kwa Hermann Samuel Reimarus, ambaye sehemu za kazi yake zilichapishwa na mwandishi Mjerumani Lessing kati ya 1774 na 1778, ikapitia kwa David Friedrich Strauss mwaka 1835, na ikafikia kizingiti mwaka 1906, Albert Schweitzer, huyu aliyekwenda baadaye Lambaréné nchini Gabon kuwa daktari, alipoonyesha jinsi waandishi wengi wa maisha ya Yesu walivyokuwa wamemchora kwa sura yao wenyewe. Utafiti ulipofufuliwa Ujerumani na mhadhara wa Ernst Käsemann wa 1953, watu walitaka kanuni ambazo zingewazuia wasirudie kosa hilo, na vigezo vikawa ndivyo kanuni hizo. E. P. Sanders, alipoorodhesha mwaka 1985 mambo aliyoyaona hayana shaka juu ya Yesu, alianza na ubatizo wake kwa Yohana. John P. Meier aliutumia ubatizo kama mfano bora wa kigezo cha aibu kazini.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asikubali haraka. Kigezo hiki kinatuambia jinsi Mathayo, Luka na waliofuata walivyohisi waliposoma simulizi la Marko, lakini hakituambii Marko mwenyewe alihisi nini, na dalili zote zinaonyesha kwamba hakuona aibu hata kidogo. Kwake ubatizo ndio mlango wa Injili, na ndipo Mungu anapomtambulisha Mwanawe kwa mara ya kwanza. Mtu mwenye shaka anaweza kusema kwamba Marko, au mapokeo aliyoyapokea, alilibuni tukio hili kwa sababu lilimfaa, na aibu ikazaliwa miaka mingi baadaye mafundisho yalipokuwa yamekua. Katika hoja hiyo hakuna kosa la mantiki. Morna Hooker alionya tangu mwaka 1972 kwamba vigezo vya aina hii vinadai kujua kuhusu Kanisa la kwanza mambo ambayo kwa kweli hatuyajui, na mwaka 2012 kundi la wataalamu waliokusanywa na Chris Keith na Anthony Le Donne walikwenda mbali zaidi, wakisema kwamba njia nzima ya kupima simulizi mojamoja kwa vigezo imefikia kikomo. Naona katika kisa hiki lawama yao ina haki. Tukiwa na aibu peke yake, tunaweza kuthibitisha kwamba simulizi ni la kale kuliko Mathayo. Hatuwezi kuthibitisha kwamba tukio lilitokea.

Basi tuiache aibu kando kwa muda, tuulize swali lililo pana zaidi: je, ziko alama za Yohana katika maisha ya Yesu na ya wafuasi wake ambazo zingebaki hata kama simulizi la ubatizo lisingekuwapo?

Ya kwanza ni Yohana mwenyewe. Josephus, kuhani wa Yerusalemu aliyezaliwa mwaka 37 na kuandika akiwa Roma, alikamilisha historia yake kubwa ya Wayahudi karibu na mwaka 93. Katika kitabu cha 18 cha kazi hiyo anaeleza kwamba jeshi la Antipa lilipigwa vibaya na Areta, mfalme wa Wanabati, taifa la Kiarabu lililopakana naye, na kwamba baadhi ya Wayahudi waliona kushindwa huko kuwa adhabu ya Mungu kwa ajili ya Yohana, aliyeitwa Mbatizaji. Anamwita mtu mwema, aliyewahimiza watu watendeane haki na kumcha Mungu, na anaongeza kwamba ubatizo wake haukuwa wa kuombea msamaha wa makosa bali wa kuutakasa mwili, nafsi ikiwa imekwisha kutakaswa kwa haki. Umati ulipozidi, Antipa alihofia uasi, akampeleka amefungwa katika ngome ya Machaerus, mashariki mwa Bahari ya Chumvi, na huko akauawa. Kipande hiki hakimtaji Yesu, na kinapingana na Injili juu ya maana ya ubatizo na pia juu ya sababu ya kifo, kwa kuwa Marko analeta suala la ndoa ya Antipa na Herodia, aliyekuwa mke wa ndugu yake. Mkristo ambaye angetaka kuchomeka maneno katika kitabu cha Josephus asingeandika hivi. Kwa hiyo tunaye Yohana ambaye ni mtu kamili wa historia, mwenye wafuasi wake, sifa zake na kifo chake, bila kumhitaji Yesu hata kidogo.

Ya pili ni maneno ya Yesu juu ya Yohana. Mathayo na Luka wana maneno ambayo hawakuyapata kwa Marko, yasemayo kwamba katika wazao wa wanawake hajaondokea aliye mkuu kuliko Yohana, ingawa sentensi inayofuata inamweka chini ya aliye mdogo katika ufalme. Marko naye ana kisa cha hekaluni, katika juma la mwisho, wakuu wanapomwuliza Yesu anatenda kwa mamlaka gani, naye anawarudishia swali: ubatizo wa Yohana ulitoka mbinguni au kwa wanadamu? Swali hilo lina maana tu ikiwa Yesu aliiona mamlaka yake na ya Yohana kuwa imetoka mahali pamoja, na ikiwa wasikilizaji walijua kwamba yeye alikuwa upande wa Yohana.

Ya tatu iko katika Injili ya nne, ile ile iliyoufuta ubatizo. Inasema kwamba wanafunzi wa kwanza wa Yesu, akiwemo Andrea, walikuwa wanafunzi wa Yohana. Inasema pia, katika sura ya 3, kwamba Yesu alikaa Uyahudi na wanafunzi wake akibatiza, wakati Yohana naye alikuwa bado anabatiza kwa kuwa hajatiwa gerezani, na kwamba wanafunzi wa Yohana walinung'unika watu walipomwendea mwenzake. Kisha sura ya 4, baada ya kurudia habari kwamba Yesu anabatiza wengi kuliko Yohana, inaingiza maneno haya: "lakini Yesu mwenyewe hakubatiza, bali wanafunzi wake." Huu ni usahihisho unaogongana na maneno ya sura iliyotangulia, na mtu hasahihishi habari aliyoibuni mwenyewe. Hapa kuna kumbukumbu ya Yesu aliyefanya kazi ileile ya Yohana, jirani na Yohana, kwa muda fulani. Injili nyingine tatu hazina habari hii kabisa, kwa kuwa Marko anaanza huduma ya Yesu baada ya Yohana kufungwa.

Ya nne ni desturi ya Kanisa. Wafuasi wa Yesu walibatiza tangu siku zao za kwanza zinazojulikana, na Paulo anaandika juu ya ubatizo kama jambo ambalo kila msomaji wake amelipitia. Matendo ya Mitume yanasimulia pia juu ya Apolo, aliyejua ubatizo wa Yohana tu, na juu ya wanafunzi wa Efeso waliokuwa katika hali hiyohiyo. Kama Yesu hakuwa na uhusiano na Yohana, itabidi tueleze kwa nini wafuasi wake walichukua alama ya mtu mwingine, ambaye wafuasi wake walikuwa bado wapo na wanashindana nao, wakaifanya mlango wa kuingia kwao.

Tukiyaweka haya pamoja, ubatizo wa Yesu haubaki tena simulizi la mistari mitatu ya Marko linalopimwa kwa kigezo kimoja. Unakuwa maelezo rahisi kuliko yote ya mambo mengi yasiyotegemeana: wanafunzi wa pamoja, sifa, mamlaka ya pamoja, kazi ya pamoja, na desturi iliyorithiwa. Wale waliotaka kuficha uhusiano huo, kila mmoja kwa njia yake, wameacha alama zake kila mahali, na hapo aibu inapata tena nafasi yake halali kama ushahidi wa ziada.

Yako mambo ambayo njia hii haiyagusi. Mwanahistoria hawezi kuithibitisha sauti iliyotoka mbinguni, wala hawezi kuikanusha. Katika Marko, Yesu ndiye anayeziona mbingu zikipasuka na sauti inamwelekea yeye, ilhali katika Mathayo inawatangazia waliopo. Hicho ndicho anachoweza kukieleza, na anapaswa kukomea hapo. Msomaji Mwislamu, ambaye Kurani inamfundisha kuwaheshimu Yahya na Isa kama manabii bila kusimulia ubatizo wa mmoja kwa mwingine, na msomaji Mkristo, anayekiri Utatu uliofunuliwa mtoni, wote wanaweza kuupima ushahidi huu bila mmoja wao kulazimishwa kuacha imani yake.

Kisichoepukika ni matokeo yake juu ya ujumbe wa Yesu. Kwenda kwa Yohana kulikuwa kukubali kwamba Yohana alikuwa anasema kweli, na Yohana alisema kwamba hasira ya Mungu inakuja na shoka limekwisha kuwekwa penye mashina ya miti. Wako wataalamu wa heshima, John Dominic Crossan mmojawapo, wanaoukubali ubatizo lakini wanaona kwamba Yesu baadaye aliyaacha matazamio hayo na kuhubiri ufalme uliopo sasa miongoni mwa maskini. Sanders, na baada yake Dale Allison, wanajibu kwa kutazama ncha mbili za historia hii. Mwanzoni yuko Yohana na hasira inayokuja. Upande wa pili yuko Paulo, ambaye katika barua ya kwanza kwa Wathesalonike, iliyoandikwa karibu na mwaka 50, anawaambia waumini wamngojee Yesu anayewaokoa na hasira itakayokuja. Ni vigumu kuamini kwamba aliyesimama katikati ya hao wawili hakuwa na tazamio la hukumu, na kwamba wafuasi wake walirudi katika mahubiri ya Yohana bila kupitia kwake.

Naona hoja ya Sanders na Allison ndiyo yenye nguvu, ingawa haimfanyi Yesu kuwa nakala ya Yohana. Maneno yale yale yanayomsifu Yohana yanakumbuka pia kwamba watu wa kizazi kile waliwatofautisha wawili hao kwa matusi: Yohana hali wala hanywi, wakasema ana pepo; Yesu anakula na kunywa, wakamwita mlafi na mlevi, rafiki wa watoza ushuru. Aliyebatizwa kwa ubatizo wa toba alirudi Galilaya akaketi mezani na wale ambao Yohana alikuwa amewaita waende nyikani kumfuata, na jinsi alivyotoka katika lile la kwanza akafika katika hili la pili ndilo swali ambalo utafiti wa Yesu wa historia bado unalifanyia kazi.